Nyama wasioliwa: meza ya watoto kati ya Kasongo na Kabambare

Kwetu Maniema neno "nyama" lina kazi mbili. Ni kile kinachochemka katika sufuria, tena ni kile kinachokimbia porini. Watu wa pwani wanatofautisha, wanasema nyama na mnyama, lakini sisi tumezoea neno moja. Labda ndiyo sababu, ukimwomba mtoto wa Kasongo akutajie nyama anaowajua, anaanza na wale aliokwisha kuwala: mbuzi, kuku, ndezi, kima, nguruwe wa pori. Akiwamaliza hao anakutajia simba, aliyemwona katika simu ya mjomba wake. Kati ya simba wa simu na kima wa sufuria hakuna kitu. Kwa ajili ya nafasi hiyo tupu nilibeba makasi, katoni na kifuko cha unga wa muhogo, nikatoka Kasongo kwenda Kabambare, wiki chache kabla ya tarehe 16 Juni.

Tarehe hiyo ni siku ya mtoto wa Afrika. Inakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976, na tangu 1991 nchi za Afrika zinaiadhimisha. Kwetu inakuja wakati mzuri. Kiangazi kimeanza, ua umekauka, masomo yanakaribia kufungwa, na baada yake kuna 30 Juni, siku ya uhuru. Mama anayetaka kuwafurahisha watoto wa kikundi chake ana sababu za kutosha. Asichokuwa nacho ni pesa za baluni. Baluni zinafika kwetu kwa pikipiki na bei yake imekwisha kupanda njiani, halafu jua la saa sita linazipasua kabla wali haujaiva. Mimi sizipendi, nisiwafiche. Baluni ikipasuka imekwisha, na mtoto hakuitengeneza.

Kasongo ni mahali pazuri pa kuokota vitu. Pitia soko, kisha pitia mafundi wa nguo, kisha pitia mashine ya kukoboa mpunga, na mfuko umejaa bila kutoa hata franka moja. Mafundi wanatupa vipande vya vikwembe vya kila rangi. Wenye maduka wanatupa katoni za sabuni na biskuti. Nyuma ya mashine kuna vilima vya kapi za mpunga, na wenyewe wanashukuru ukiwapunguzia. Mpunga huo una historia. Ulikuja na misafara ya watu wa pwani katika karne ya 19, pamoja na Kiswahili hiki ninachowaandikia. Kasongo ya zamani ilikuwa makao ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar aliyeuza pembe za tembo na watu, mpaka askari wa Wabelgiji walipoiteka Aprili 1893. Mengi ya wakati ule hayafai kusifiwa. Lakini wali tunaula, lugha tunaisema, na kapi zinafaa sana kuwa manyoya ya simba, kama mtakavyoona.

Kwanza gundi, maana bila gundi hakuna kazi. Ya dukani ni ghali na harufu yake ni kali kwa watoto. Chukua vijiko viwili vikubwa vya unga wa muhogo uliochekechwa vizuri, ukoroge katika glasi moja ya maji baridi mpaka usione donge. Chemsha glasi mbili za maji, mimina ule uji mwembamba taratibu, usiache kukoroga. Ukiona umeacha kuwa mweupe na unang'aa kama makamasi ya mtoto (wamama mnanielewa), epua. Ukipoa unashika karatasi, kitambaa, majani makavu na kapi. Haudumu zaidi ya siku mbili kabla ya kuchacha, kwa hiyo pika wa siku hiyo tu.

Rangi nazo ziko jikoni. Mkaa uliosagwa na kuchanganywa na gundi hiyo hiyo unatoa nyeusi nzuri. Majivu yanatoa kijivu. Manjano ya kupikia yanatoa rangi ya jina lake. Udongo mwekundu wa barabara yetu, ule unaotuharibia nguo kila siku, ukichekechwa na kukorogwa unakuwa rangi ya swala. Nyeupe ni ule udongo mweupe ambao bibi zetu walijipaka. Buluu haipatikani jikoni, kwa hiyo tulikata kikwembe.

Buluu tuliihitaji kwa ajili ya lesula. Huyu ni kima wa msitu wa Lomami, ng'ambo ya Lualaba, mwenye uso mrefu na macho kama ya mtu mzima anayesikiliza. Wataalamu walimwona mara ya kwanza mwaka 2007 huko Opala, amefugwa katika nyumba ya mkuu wa shule ya msingi. Mwaka 2012 akapewa jina katika vitabu vyao. Wawindaji walikuwa wanamjua siku zote. Dume ana matako ya buluu. Niliposema hivyo watoto walicheka mpaka mmoja akaanguka mkekani, na tangu hapo kila mtoto alitaka kutengeneza lesula, na kila lesula alitaka kutundikwa akiwa ametugeuzia mgongo. Mama mmoja mwenye heshima zake aliuliza kama hili ni pambo la kuwaonyesha wageni. Tulimwachia mtoto wake aamue.

Mamba ni rahisi kuliko wote. Trei ya mayai, ile ya karatasi nzito, ina matuta yaliyopangwa safu. Kata safu mbili ndefu, zipindue, umepata mgongo wa mamba bila kufanya kitu kingine. Mkia ni pembe ndefu ya katoni, meno ni karatasi ya kaye iliyokatwa kama msumeno. Mlaze katikati ya meza, mdomo wazi, na ndani ya mdomo weka biskuti. Watoto wa miaka mitatu wanaogopa kutia mkono, halafu wanatia. Trei iliyobaki msiitupe, tutaihitaji kwa mchezo.

Kwa tembo, mpe mtoto noti ya franka 100 aiangalie, tembo yumo. Ni mwalimu mzuri wa kuchora, tena ana masikio yaliyo sawasawa. Uso wa simba ni sahani ya katoni iliyopakwa gundi, kisha mtoto anaiviringisha pembeni katika kapi za mpunga, na nywele ni nyuzi za mgomba mkavu. Chui nao wanafaa kwa 30 Juni, maana kichwa cha chui kiko katika nembo ya taifa na timu yetu ya mpira ndiyo Léopards. Tengeneza kichwa kimoja, kisha acha watoto wapige madoa kwa vidole vilivyochovywa katika mkaa.

Kasuku nataka kumsemea kidogo. Mwili wa majivu, mkia mwekundu, mdomo mweusi, na kikwembe chekundu kwa mkia kinapatikana kwa kila fundi. Mzee yeyote wa Maniema atawaambia jinsi kasuku walivyokuwa wakinaswa kwa ulimbo na kupakiwa kwenda kuuzwa mbali. Kongo ilikuwa kati ya nchi zilizouza wengi. Mwaka 2016, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Johannesburg, biashara ya kuwavusha mipaka kasuku hao waliokamatwa porini ilikatazwa. Mkutano ule ule ulikataza pia biashara ya kakakuona.

Na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kakakuona ndiye aliyenipendeza kuliko wote. Ni yule mwenye magamba anayejikunja kama mpira akiguswa. Majirani zetu Warega, wa Pangi na kuendelea Shabunda, wanasema ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba. Watu walitazama magamba yake yalivyolaliana, moja juu ya jingine, mvua isipite, nao wakapanga majani juu ya paa vivyo hivyo. Kwa hiyo kumwua lilikuwa jambo zito, si uwindaji wa kawaida. Warega hao hao walikuwa na sanamu ndogo za nyama, za mti na za pembe, katika chama chao cha bwami. Kila moja ilikuwa na methali yake, na mwenye kufundishwa alifundishwa utu kwa kutazama kitu kidogo kilichokaa mbele yake. Serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948. Leo nyingi za sanamu hizo ziko katika makumbusho ya Ulaya, kama ile ya Tervuren, karibu na Brussels. Siwaambii tuige mambo ya bwami, yana wenyewe. Ninasema tu kwamba kuweka nyama mdogo mbele ya mwanafunzi ili ajifunze jambo halikuletwa kwetu kutoka nje.

Kakakuona wa katoni anatengenezwa hivi. Kata mwili wenye umbo la jani la muhindi, mnene katikati na mwembamba mkiani. Kata magamba mengi kwa maganda makavu ya mahindi, kila moja kama ukucha wa kidole gumba cha mtu mzima. Sasa muulize mtoto aanzie wapi kubandika. Wengi wanaanzia kichwani, kwa sababu kuchora mtu kunaanzia kichwani. Wakifika safu ya tatu wanaona magamba hayalaliani, yanasimama. Usiseme neno. Katika ua wa Kasongo nilipokuwa, kijana wa kama miaka kumi, ambaye babake huezeka nyumba, aliinua macho akatazama paa la jiko, akabandua magamba yake yote na kuanza upya kutoka mkiani, kama fundi anavyoanza chini ya paa na kupanda juu. Wenzake wakamfuata bila kuulizana.

Kutoka Kasongo kwenda Kabambare ni zaidi ya kilomita 100 kuelekea mashariki, na njia sitaieleza sana, mnaijua. Vijana wanasukuma kinga zilizobeba bidoni za mawese na magunia ya mpunga, wakikuta kilima wanasukuma wawili wawili. Pikipiki inapita penye mchanga kwa kuomba Mungu. Katoni yangu ya nyama ilifungwa juu ya mzigo wa mtu mwingine, na mamba alifika bila mkia.

Kabambare ni nchi ya Wabangubangu, mto Luama unaipitia ukienda kumwaga maji yake katika Lualaba, na ardhi ni yenye neema. Lakini miaka hii watu wake wamehama mara nyingi. Pande za Salamabila, penye dhahabu ya Namoya, vikundi vya silaha na askari vimepigana, na familia zimelala porini zaidi ya mara moja. Wamama wa huko hawakuniuliza kuhusu mapambo. Waliniuliza kama nina michezo ya kuwakalisha watoto pamoja, maana wenyeji na waliohamia wanapigana kisimani, na wavulana wakiachwa wanacheza vita kwa bunduki za miti ya mihogo.

Tulianza na kadi za kumbukumbu. Majalada ya kaye kuukuu yanakatwa vipande 24 vilivyo sawa, na nyama 12 wanachorwa kila mmoja mara mbili. Zinalazwa kifudifudi, mtoto anafunua mbili, zikifanana anachukua, zisipofanana anazirudisha. Hapo nilijifunza jambo. Waliohamia walikuwa wanawaita baadhi ya nyama kwa majina ya lugha zao, wenyeji kwa Kibangubangu, na ubishi ukazuka. Mama mmoja akaweka sheria: huchukui kadi mpaka utaje jina kwa lugha yako na kwa lugha ya unayecheza naye. Kufika jioni watoto walikuwa wanafundishana majina kwa siri, ili wapate kushinda.

Mchezo wa pili ni ule unaoitwa kisolo mahali pengine pa Kongo, na bao kule pwani. Bao la wakubwa lina mashimo 32 na kete 64, hilo waachieni wazee chini ya mwembe. Kwa watoto, kata trei ya mayai upate safu mbili za mashimo sita, tia kokoto nne katika kila shimo. Kokoto ni mbuzi, shimo ni zizi. Anayecheza anachota mbuzi wa zizi lake moja na kuwagawa mmoja mmoja kuelekea kulia, akizunguka. Mbuzi wake wa mwisho akiingia katika zizi tupu la upande wake, anateka walio katika zizi la mbele yake. Zizi zikiisha upande mmoja, kila mtu ahesabu alioteka. Mtoto wa darasa la pili anayekataa hesabu za ubao anahesabu mbuzi hawa bila kuambiwa, na akiibiwa mmoja anajua.

Mchezo wa tatu ndio uliotuletea mazungumzo. Ni wa njia: katoni kubwa, vyumba 50 vinavyojikunja kama nyoka, nyama wadogo wa udongo wa mto wanashindana kufika mwisho. Dadu hatukuwa nayo. Tulipasua tete, tukapata vipande vinne vyenye tumbo na mgongo. Unavirusha, unahesabu matumbo yaliyotazama juu, unasonga vyumba hivyo, na pasipo tumbo hata moja unabaki ulipo. Tuliwaambia watoto wenyewe waandike katika vyumba mambo ya safari. Nilitegemea ngazi na nyoka. Waliandika: daraja limevunjika, rudi viwili. Mangi ameiva, kula, songa vitatu. Kizuizi, lipa au ngoja. Na katika chumba cha 31 msichana mmoja aliandika: tumekimbia.

Wamama waligawanyika. Wengine walitaka chumba hicho kifutwe, kwani tumekuja kusherehekea na si kulia. Wengine walisema kikifutwa mtoto atadhani amesema vibaya. Mimi nilikuwa na hawa wa pili, lakini mgeni hana kura, nikanyamaza. Mwishowe mama mkubwa kati yao alimwuliza msichana, anayefika hapo anafanya nini, anarudi mwanzo? Msichana akasema hapana, nyama wote wanakuja pale pale alipo yeye, walio mbele na walio nyuma, halafu wanaanza tena pamoja kutoka 31. Ndivyo walivyoandika sheria. Walicheza hivyo siku tatu nilizokaa, na mara nyingi kobe aliyekuwa wa mwisho aliomba kwa sauti mtu aangukie 31.

Sasa yale ya hatari, na haya wamama msiyaruke. Watoto watawaletea vitu vya porini kwa pambo: ngozi ya kindi, fuvu la kima, mkia wa panya wa msituni. Kataeni. Mpox, ambayo wengine wanaiita ndui ya nyani, inaweza kuingia kwa mtu kwa kugusa nyama wa porini, na panya na kindi wamo kati ya wanaoshukiwa. Mtu wa kwanza kujulikana aliyeugua alikuwa mtoto mchanga wa nchi yetu, katika jimbo la Équateur, mwaka 1970, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani liliitangaza kuwa dharura ya dunia, kwa sababu ya Kongo na majirani zetu. Nyama wa katoni hana ugonjwa. Kwa ajili hiyo hiyo, vinyago vya uso msivifunge kwa kamba vikahama kutoka uso hadi uso. Kibandike kinyago juu ya kijiti, mtoto akishike mbele yake, na kila mtoto awe na chake. Mwenye vipele na homa abaki nyumbani, apelekwe kituo cha afya, mumwekee biskuti zake.

Mbegu pia. Zile nyekundu zenye doa jeusi zinapendeza sana kwa macho ya ndege, na zile za mbarika zenye madoa zinapendeza kwa kete. Zote mbili zina sumu kali, na mtoto akizitafuna anaweza kufa. Tumieni kokoto, mahindi, maharagwe, au vizibo vya chupa. Na penye watoto wa chini ya miaka mitatu hata maharagwe ni makubwa mno kwa koo na madogo mno kwa macho ya mama, wapeni mamba wacheze naye.

Mwisho wa siku tundikeni vyote ndani, juu, kwa kamba, mbali na ukuta. Gundi ya muhogo ni chakula, na mende wanalijua hilo kuliko sisi. Kakakuona mliyemwacha sakafuni mtamkuta asubuhi hana magamba. Katoni ya mchezo wa njia ikunjwe katikati na kuwekwa ndani ya sashe iliyofungwa, pamoja na tete zake nne, na nyama wa udongo wafungwe katika kitambaa, kila mmoja peke yake, maana masikio ya tembo yanavunjika kwanza.